Anavuta pumzi kama anayenyongwa, kisha anaenda kucheza

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia saa 8 na nusu usiku nikiwa nimeketi sakafuni jikoni. Mbwa kalala mapajani mwangu, hana habari. Mikono inayotetemeka ni yangu.

Nina mbwa 2. Huyu wa mapajani ni Kito, jike, miaka 3, kilo 4 na nusu, vurugu zake kubwa kuliko mwili wake. Kwa wiki 3 sasa amepatwa na kitu ambacho sijui nikiite nini. Anakuwa anacheza vizuri, ghafla anasimama kama aliyepigiliwa misumari: miguu kaitanua, viwiko vimetoka nje, shingo kainyoosha mbele, macho yamemtoka pima. Halafu inaanza: khroo! khroo! khroo! Anavuta hewa kwa pua, kwa nguvu, mfululizo, na kila akivuta mwili mzima unashtuka. Ukimwona utasema roho inaaga. Juzi nilipima kwa saa ya simu, zikawa sekunde 40, ingawa kwangu ilikuwa kama nusu saa. Kisha anameza mate, anajilamba pua, anatikisa masikio na kwenda kuutafuta mpira wake, mimi nimebaki nimeshika kifua.

Mara ya kwanza nilidhani amekwamwa na mfupa, nikamtia vidole kinywani. Sikupata kitu, na nikaumwa kidole. Mara ya pili nilimpiga mgongoni. Wiki iliyopita, nakiri, nilimpa vijiko 2 vya chai vya dawa ya kikohozi ya mwanangu. Dada yangu anasema ni pumu. Jirani anasema ni minyoo imepanda kooni. Mume wangu anasema mbwa ni mbwa, nikalale.

Nimeona humjia zaidi nikirudi kutoka kazini na yeye ananirukia kwa furaha, akiivuta kamba tunapotoka, na asubuhi ninapofagia. Usiku huu kaamka tu usingizini akaanza.

Yule mwingine, Simba, sina neno naye, nashukuru. Ana miaka 12, mchanganyiko wa Labrador, ni uzee tu umemwingia. Sauti ya kubweka imemkauka, siku hizi anabweka kama mtu aliyeshangilia mpira tangu jana. Tukitembea, hata hatujafika mbali, anakaa katikati ya njia anahema kwa mlio, kama msumeno unaokata ubao kwa mbali. Akinywa maji anakohoa. Basi nimempunguzia matembezi, anashinda kalala, hanisumbui. Anayenikosesha usingizi ni huyu mdogo.

Niambie, Daktari, anakufa? Nimpeleke usiku huu au nisubiri? Na nitajuaje siku ya kutosubiri?

Mkeshaji wa Jikoni

*

Marahaba, Mkeshaji.

Kito hafi. Kwa jinsi ulivyomweleza, na umemweleza vizuri kuliko wengi wanaokuja kwangu na mbwa mkononi, hiyo ni chafya ya kinyume. Chafya uijuayo husukuma hewa nje. Hii huivuta ndani, kwa vishindo vifupi vifupi. Nyuma kabisa ya pua, juu ya lile kaakaa laini linaloning'inia kuelekea kooni, kuna mahali panapokereka haraka. Vumbi likipagusa, au marashi, au moshi, au mkanda wa shingo ukilibana koo wakati mbwa anavuta kamba, mwili hujaribu kupasafisha kwa kuvuta hewa kwa nguvu. Furaha nayo hulianzisha, maana mbwa anayerukaruka anahema ovyo na anameza mate ovyo. Ukitazama orodha yako mwenyewe, ufagio, kamba, mapokezi ya jioni, utaona umeshajijibu nusu ya swali. Kuamka nalo usingizini pia hutokea sana.

Ninachokipima si ukubwa wa kelele bali mambo mawili yaliyomo ndani ya barua yako. La kwanza, kila kishindo ni cha kuvuta, na kinakwisha chenyewe ndani ya dakika moja au mbili. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni kilichofuata: akajilamba pua akaenda kuutafuta mpira. Mbwa aliyekosa hewa hatafuti mpira. Baada ya kunyongwa kweli mbwa hubaki ameduwaa, anahema, ulimi umebadilika rangi, hataki kuguswa. Kito anarudi kwenye maisha yake kama mtu aliyepiga chafya, kwa sababu ndicho alichofanya.

Likimjia tena, kaa naye chini, ongea naye kwa sauti ya kawaida, msugue koo taratibu kwa vidole 2 kutoka chini ya kidevu kwenda kifuani. Ukitaka, mzibe matundu ya pua kwa kidole kwa sekunde moja tu. Atameza mate, na kumeza huko mara nyingi ndiko kunakokata mfululizo. Usipofanya lolote, litakwisha vilevile. Usimpige mgongoni. Na ule mkanda wa shingo uuweke kando, ununue wa kifuani, unaopita mbavuni na kuiacha shingo huru. Siku za kufagia mtoe nje kwanza.

Nitabadili kauli kuhusu Kito yakitokea haya: chafya hizo ziwe za kila siku, mara nyingi kwa siku, pua itoke usaha au damu, hasa upande mmoja tu, aanze kujikuna pua kwa kucha au kuisugua chini, uso uvimbe. Mbegu ya nyasi yenye miiba huweza kuingia puani na kukwama huko, na wapo utitiri wadogo sana wanaoishi puani mwa mbwa, ambao dawa huwaondoa bila shida. Kwa mbwa mzee, damu ya tundu moja hunifanya nifikirie uvimbe. Hayo ni ya kwenda kliniki mchana, kwa miadi. Usiku huu mrudishe kitandani.

Sasa zile hatua zako nyingine 2.

Dawa ya kikohozi ya mtoto. Kwa kuwa wiki imepita, anakula na anavunja vitu kama kawaida, umenusurika. Lakini chukua chupa usome yaliyoandikwa. Nyingi zina parasetamo, ambayo kwa mbwa huharibu ini na chembe nyekundu za damu. Nyingine zina ibuprofeni, ambayo hutoboa tumbo na kuumiza figo. Na zile zisizo na sukari huweza kuwa zimetiwa ksilitoli, utamu usio na madhara kwa mwanao lakini ambao kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na kuua ini. Mbwa wa kilo 4 na nusu hahitaji nyingi. Ukiyakuta humo, mpigie daktari wako asubuhi umweleze, hata kama Kito anaruka.

Vidole kinywani. Hapa nitakaa kidogo, samahani. Mbwa akikwamwa kweli na kitu, anajikuna mdomo kwa kucha, anajaribu kukohoa na hakitoki kitu, udenda unamwagika, anahangaika chumba kizima. Ukikiona kitu chenyewe kwa macho, kitoe kwa koleo au kwa vidole. Usipokiona usipapase gizani, utakisukuma ndani zaidi. Kwa mbwa mdogo, mwinue umshike kichwa kikining'inia chini, uubonyeze ubavu kwa ghafla. Kwa mkubwa, simama nyuma yake uweke ngumi chini kidogo ya mwisho wa mbavu, usukume kwa nguvu kwenda juu na mbele. Kisha kimbieni kliniki hata kikitoka.

Ila kuna mbwa mmoja ambaye hupaswi kumtia mkono kinywani hata kidogo. Kichaa cha mbwa kina sura ya kelele ambayo kila mtu anaijua, na kina sura ya upole ambayo inadanganya. Katika hii ya pili taya linalegea, mbwa hawezi kumeza, mate yanachuruzika, sauti ya kubweka inageuka, na kila anayemwona anasema, "Masikini, amekwamwa na mfupa." Watu wameingiza mikono kwa huruma hiyo. Kama mbwa hana chanjo, au hujui historia yake, na ameanza kutokwa na mate na kubadilika tabia, mfungie mahali na uite daktari. Na kama mate yake yamegusa kidonda au amekuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Kito kakuuma kidole. Ikiwa chanjo yake iko hai, una kidonda cha kawaida cha kusafisha. Ikiwa imepita muda, au hukumbuki, nenda ukaonwe leo, ingawa mimi mwenyewe naamini alikuuma kwa sababu ulimziba pumzi akiwa katikati ya chafya.

Jirani na minyoo yake tumwache. Dada na pumu, vilevile.

Mkeshaji, barua yako nimeisoma mara 2. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya pili nilisimama kwenye ile aya ya Simba, na sikutabasamu tena. Umeandika mambo 4 katika mistari michache, ukayapitia kama mtu anayesimulia hali ya hewa: sauti imekauka, anakaa njiani, anahema kwa mlio, anakohoa akinywa maji. Ningewaona mbwa wako wote wawili mlangoni kwangu asubuhi moja, ningemwingiza Simba kwanza.

Mlango wa bomba la hewa kooni una mbawa 2 za gegedu, kama mlango wa bembea wenye vipande viwili. Kila mbwa anapovuta pumzi, misuli midogo huzivuta mbawa hizo kando hewa ipite. Akimeza, hufunga. Akibweka, hutetemeka zikatoa sauti. Kwa baadhi ya mbwa wakubwa wa umbo walioingia uzeeni, na Labrador ni miongoni mwa wanaoongoza, neva zinazoiendesha misuli hiyo huchoka polepole. Mbawa zinabaki zimelegea katikati ya njia. Ndiyo maana sauti hubadilika miezi mingi kabla ya lolote jingine. Ndiyo maana maji yanapotea njia na kumkohoza. Na ule mlio wa msumeno ni hewa inayojipenyeza kwenye upenyo. Mlango huo ndio zoloto, na hali hiyo twaiita kupooza kwa zoloto.

Hakuna ubaya akiwa kalala kivulini. Ubaya uko kwenye joto na msisimko. Mbwa hatoi jasho kama sisi, isipokuwa kidogo sana nyayoni. Joto lake hulitoa kwa kuhema. Mbwa ambaye mlango wa koo haufunguki anahema bila kupoa. Kadiri anavyovuta kwa nguvu, ndivyo mbawa zinavyofyonzwa ndani na nyama za koo zinavyovimba, na kadiri zinavyovimba ndivyo anavyovuta kwa nguvu. Nimempokea mbwa wa namna hiyo mchana mmoja wa jua kali, alikuwa ametembezwa robo saa tu. Mwenyewe aliniambia neno lilelile ulilolitumia wewe: "uzee tu".

Basi hivi ndivyo ningefanya kwako. Simba aende kwa daktari wiki hii, si usiku huu. Mwambie mambo yale 4 kwa mpangilio ule ule. Mwongeze na la tano, ambalo nataka ulitazame kesho: miguu ya nyuma. Akitembea, je, kucha zinakwaruza sakafu? Anayumba akigeuka, anajikokota akipanda ngazi? Ugonjwa huu wa neva mara nyingi hauishii kooni. Tazama pia kucha zenyewe, kama za nyuma zimelika kwa mbele.

Daktari atamsikiliza moyo na mapafu, atampiga eksirei ya kifua, kisha huenda akamlaza kwa dawa nyepesi tu, si nusu kaputi kamili, ili achungulie kooni na kuona mbawa zinavyotembea anapovuta pumzi. Ikiwa ni hilo, upo upasuaji wa kuuvuta ubawa wa upande mmoja na kuushona ubaki wazi. Wengi hupata nafuu kubwa siku zilezile. Sitakuficha upande wa pili: mlango usiofunga hauchagui, na baada ya upasuaji chakula au maji vikiingia mapafuni huleta nimonia, hivyo mbwa hula taratibu na huangaliwa kwa makini maisha yake yote. Wapo wasiofanyiwa na wakaishi kwa kupunguziwa uzito, kutembezwa alfajiri na usiku tu, na mkanda wa kifuani. Uamuzi huo ni wa kwenu mezani na daktari wenu.

Na huenda nimekosea kabisa. Moyo mkubwa unaoshindwa, uvimbe kooni au kifuani, nimonia, vyote vinaweza kumkalisha mbwa njiani. Kutokea hapa nilipo siwezi kumgusa. Ndiyo maana nataka aguswe.

Umeuliza utajuaje siku ya kutosubiri. Nitakufundisha kusikiliza kidogo, kisha nitakufundisha kuziba masikio.

Kusikiliza: jiulize sauti inatoka akivuta au akitoa. Mlio wa kuvuta unatoka juu, puani na kooni. Ukiwa mzito wa kukoroma, fikiria pua na kaakaa, ukiwa mwembamba wa kukwaruza, fikiria zoloto na bomba. Mlio wa kutoa, ule wa filimbi ndogo, mara nyingi ni wa chini, kwenye njia ndogo za mapafu. Mbwa wa nyuso bapa, bulldog, pug, shih tzu na jamaa zao, hukoroma hata wakiwa macho kwa sababu matundu ya pua yao ni finyu na kaakaa lao ni refu kuliko mdomo. Watu huona inapendeza. Mimi sioni, ni kiumbe kinachofanya kazi kwa kila pumzi, na kwa wengi upasuaji wa mapema huwapunguzia mzigo. Kikohozi kikavu cha kukwaruza kinachoishia kama anataka kutapika, kwa mbwa aliyekuwa na wenzake siku chache zilizopita, huwa ni kile kikohozi cha kuambukizana, ambacho kina chanjo. Na kile cha kulia kama bata bukini, kwa mbwa wadogo kama chihuahua na Yorkshire terrier, huwa ni bomba la hewa lililolegea pete zake. Kito anaweza kulipata hilo uzeeni, sababu nyingine ya kuutupa mkanda wa shingo.

Na simu yako, badala ya kupima sekunde tu, irekodi. Mbwa akifika kliniki hugeuka malaika, haoneshi chochote. Video ya sekunde 20 inayoonyesha kifua na kichwa pamoja hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuhesabu. Hili ufanye kesho usiku, kwa Simba. Subiri alale fofofo, si anapoota huku miguu inacheza, si mara baada ya kutoka nje. Usimguse. Tazama ubavu: kupanda na kushuka ni pumzi 1. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Mbwa aliyelala vizuri yuko chini ya 30 kwa dakika, wengi chini zaidi ya hapo. Andika namba na tarehe, rudia siku 3 au 4. Ukipata zaidi ya 30 mara kwa mara, iwe na kelele au isiwe, mpigie daktari siku hiyo, maana namba hupanda maji yanapoanza kujaa mapafuni kwa sababu ya moyo, na hupanda kabla mwenye mbwa hajasikia lolote.

Sasa ziba masikio utazame. Inua mdomo wa juu uone ufizi. Uanze leo, wakiwa wazima, ili ujue rangi yao ya kawaida, maana wengine wana ufizi mweusi wa kuzaliwa nao, na kwao utatazama ulimi. Pinki ni sawa. Buluu, zambarau, kijivu au nyeupe kama karatasi ni kuondoka sasa hivi, saa yoyote. Tazama tumbo: likiingia na kutoka kwa nguvu kila pumzi, mbwa anapumua kwa misuli isiyo ya kazi hiyo. Tazama anavyokaa. Mbwa anayekataa kulala chini, amesimama au ameketi viwiko nje na shingo mbele, dakika baada ya dakika, hiyo si chafya tena, kifua kinakataa kulaliwa. Utofautishe na Kito hapo: umbo ni lilelile, lakini la Kito lina mwisho. Kuzirai, povu la rangi ya waridi, uso uliovimba ghafla baada ya kuumwa na nyuki, au shida ya pumzi siku chache baada ya kula sumu ya panya, ambayo huvujisha damu kifuani kimyakimya: vyote ni usiku huohuo.

Na kelele ikipungua huku mbavu bado zinahangaika, usishukuru. Kelele inahitaji hewa ya kuipiga. Mbwa mwenye mlio ambaye ghafla amenyamaza, kichwa chini, bado anasukuma tumbo, yuko karibu na mwisho kuliko alipokuwa anapiga kelele. Nimewaona waliokuja wakisema, "Tulidhani ametulia."

Wakati wa kumpeleka mbwa wa namna hiyo, usimvute, usimkumbatie, usimlaze chali. Akitaka kusimama garini, asimame. Fungua madirisha. Mpigie daktari ukiwa njiani waandae oksijeni. Kama chanzo ni joto, mpoze kwanza kabla hujaondoka: kivulini, maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, umpepee. Usimfunike kwa taulo lenye maji ukaliacha, linageuka blanketi. Mbwa mzima yuko kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Akipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na dakika ulizozitumia kummwagia maji ndizo zinazomwokoa.

Kwa Simba, omba miadi ya kwanza ya asubuhi, kabla jua halijapanda, na uombe msubiri nje au ndani ya gari lenye hewa badala ya kwenye benchi pamoja na mbwa wengine wanaobweka. Mkanda wa kifuani, kamba ikiwa imelegea, hatua za mzee. Kito abaki nyumbani na mume wako. Mtakaporudi atawarukia mlangoni, atapigiliwa misumari palepale, atafanya khroo khroo yake. Mwache amalize, kisha umtupie mpira.